Kadi, kikao, faragha au alama: tukosoane vipi kwenye maonyesho ya picha ya kikundi?

Picha zimeshatundikwa. Ukutani kuna kazi za watu kumi na wawili, kila mmoja kaleta tatu, na wengi wao hawajawahi kuiona picha yao ikiwa kubwa kuliko kioo cha simu. Wageni watapita, watasema "nzuri sana", watakwenda zao. Wanakikundi wanabaki na swali gumu: tuambiane nini, na kwa njia gani, ili picha zijazo ziwe bora na asipotee mtu njiani?

Nimekaa pande zote za jambo hili. Nimekosolewa, nimekosoa, na nimesimamia wengine wakikosoana. Nilichojifunza ni kwamba maneno yaleyale hujenga au hubomoa kutegemea yamesikiwa na nani na yamekuja lini. "Upeo wa bahari umeinama" ni msaada mkubwa mtu akiambiwa pembeni, kabla picha haijachapishwa. Akiambiwa mbele ya wazazi wake siku ya ufunguzi, ni fedheha, na hakuna anachoweza kurekebisha. Kwa hiyo kabla ya kuchagua maneno, kikundi kichague njia.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne: kikao cha pamoja mbele ya picha, kadi za maandishi, mazungumzo ya wawili, na alama za majaji. Daftari la wageni pale mlangoni silihesabu. Lile ni la shukrani, na shukrani nazo zina mahali pake.

Vipimo vyenyewe

Kila njia nitaipima kwa mambo matano.

La kwanza ni masikio: nani anasikia maoni? La pili ni undani: je, maoni yanafika kwenye kitu ambacho mpiga picha anaweza kukifanyia kazi? La tatu ni nafasi ya mwenye picha, yaani kama anaweza kuuliza, kueleza, au kukataa. La nne ni muda. La tano ni kinachobaki mkononi mwa mtu baada ya wiki mbili, sauti za ukumbini zikishasahaulika.

Undani unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokwama. Chukua lalamiko la kawaida kuliko yote: "picha haijatulia." Nyuma ya neno hilo kuna makosa matatu tofauti. Ukiona kila kitu kimevutwa upande mmoja, hata ukuta na mawe, mkono ulitikisika. Ukiona ukuta umetulia lakini mtu anayetembea amekuwa kama moshi, shata, yaani kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, ilikuwa ya polepole mno kwa mwendo wake. Na ukiona majani ya nyuma yako wazi huku macho ya mhusika yamefifia, fokasi iliangukia mahali pasipotakiwa.

Tiba nazo ni tatu. Kwa mkono uliotikisika kuna kanuni ya tangu enzi za filamu ya milimita 35: ukiwa na lenzi ya milimita 50 kasi ya shata isishuke chini ya 1/50 ya sekunde, ukiwa na ya milimita 200 usishuke chini ya 1/200, la sivyo tafuta pa kuegemea. Kwa mtu anayetembea, anzia 1/250. Kwa fokasi, ilenge kwenye jicho lililo karibu zaidi na kamera. Mkosoaji aliyesema tu "haijatulia" amemwachia mwenzake kazi ya kubahatisha ni tiba gani kati ya hizo tatu.

Hali ni hiyohiyo kwa mambo yasiyo ya kifundi. "Haina mvuto" ni hukumu isiyo na anwani. "Jicho langu lilikwenda kwanza kwenye ndoo nyekundu iliyo pembeni, likachelewa kumfikia mtoto" ni maoni. Mpiga picha akisikia hivyo anajua la kufanya: angesogea hatua mbili kushoto, au aikate ile kona, au pengine ndoo ndiyo aliyoitaka na mtoto kaingia kwa bahati. Maoni mazuri humwonyesha mwenye picha safari ya jicho la mtazamaji. Uamuzi unabaki kuwa wake.

Kikao cha pamoja mbele ya picha

Kikundi kinazunguka ukumbi, kinasimama mbele ya kila picha, na watu wanazungumza.

*Masikio.* Kila mtu anasikia. Hapo ndipo penye nguvu ya njia hii na ndipo penye hatari yake. Nguvu ni kwamba somo la mmoja linakuwa la wote. Mkieleza kwa nini anga ya picha hii imeungua ikabaki nyeupe tupu, watu kumi na mmoja wengine wanakumbuka anga zao. Hatari ni ile ya kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Neno likishasemwa mbele ya kikundi halirudi, na mwenye haya hulibeba hadi nyumbani.

*Undani.* Mkubwa, iwapo kuna utaratibu. Pasipo utaratibu, mzungumzaji wa kwanza huamua kila kitu. Akisema picha ni baridi, wote watakaofuata wataona ubaridi. Kuna taratibu mbili ninazoziamini. Ya kwanza inatokana na Edmund Burke Feldman, msomi wa Marekani wa elimu ya sanaa, aliyegawa uhakiki katika hatua nne: kueleza kinachoonekana, kuchambua kilivyopangwa, kufasiri maana, na mwisho kabisa kutoa hukumu. Faida yake ni kuizuia hukumu isitangulie. Watu wakilazimika kusema kwanza "naona mlango, naona mwanga unaingia kutoka kulia, naona mkono bila uso", mara nyingi hugundua mambo ambayo wangeyaruka.

Ya pili ilibuniwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, na imesambaa hadi kwenye sanaa nyingine. Nayo ina hatua nne. Kwanza watazamaji wanasema ni nini kilichowagusa au kilichobaki akilini. Kisha msanii mwenyewe ndiye anayeuliza maswali kuhusu kazi yake. Kisha watazamaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Mwisho mtazamaji anaomba ruhusa: "Nina maoni kuhusu rangi, ungependa kuyasikia?" Na msanii ana haki ya kusema hapana.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko inavyodhaniwa. "Kwa nini umeiacha giza hivi?" si swali, ni lawama iliyovaa alama ya kuuliza. "Ulikuwa unafikiria nini kuhusu mwanga?" ndilo swali.

Nina sababu ya kulishikilia hilo. Katika kikao kimoja nilisema mbele ya wote kwamba picha ya mwenzetu ni ya giza mno, nikaeleza kwa kirefu namna ya kufungua vivuli. Hakujibu. Tulipokuwa tunashusha picha, mtu mmoja aliipeleka dirishani, na pale tukaona kila kitu: mikunjo ya kanga, mistari ya uso, moshi wa jiko kwa nyuma. Taa iliyopaswa kuimulika ilikuwa imeelekezwa kwenye picha ya jirani. Kosa lilikuwa letu sisi tuliotundika, na yeye alikuwa amenyamaza jioni nzima. Tangu hapo sisemi lolote kuhusu mwanga wa picha iliyo ukutani kabla ya kuangalia taa, na kabla ya kumuuliza mwenyewe ilivyoonekana kwenye kompyuta. Picha nyingi zikichapishwa hutoka na giza kuliko zilivyokuwa kwenye kioo kilichoongezwa mwanga, na hilo ni somo la uchapishaji. Kwenye kupiga huenda hakuwa na kosa lolote.

*Nafasi ya mwenye picha.* Inategemea kabisa msimamizi. Kwa utaratibu wa Lerman ni kubwa. Katika vikao huria, mwenye picha hujikuta anajitetea, na anayejitetea hasikii.

*Muda.* Piga hesabu kabla ya kuahidi. Watu kumi na wawili, picha tatu kila mmoja, dakika tano kwa picha: ni saa tatu kamili bila mapumziko. Kuanzia picha ya ishirini watu wamechoka, na wa mwisho wanapata makombo. Kila mtu achague picha yake moja tu ya kujadiliwa, muda ushuke hadi saa moja.

*Kinachobaki.* Kidogo, asipokuwepo wa kuandika. Mwenye picha asijiandikie mwenyewe. Mwenzake amwandikie, yeye asikilize.

*Inamfaa nani.* Kikundi kilichokwisha kuzoeana, chenye msimamizi anayeweza kumkatiza mtu kwa upole.

Kadi za maandishi

Chini ya kila picha kuna bahasha au kisanduku. Wanakikundi, na pengine wageni, wanaandika na kutumbukiza.

*Masikio.* Mwenye picha peke yake, akipenda. Anaweza kuzisoma chumbani kwake, akaziweka, akazirudia siku ambayo moyo umetulia.

*Undani.* Hapa kadi tupu hufeli. Ukimpa mtu karatasi nyeupe ataandika "hongera" au "kazi safi", na kwa kuogopa kuumiza atampaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niliwahi kupata kadi kumi na nne kwa picha moja, kumi na tatu zikisema nzuri. Ya kumi na nne ilisema, "Sikujua nimtazame baba au baiskeli." Nimeitunza hiyo moja.

Dawa ni kuchapisha maswali kwenye kadi, matatu yanatosha: Jicho lako lilianzia wapi? Nini kingebaki akilini mwako kesho? Ungeniuliza swali gani? Swali la kwanza lina faida ya ziada, kwa sababu hata mgeni asiyejua lolote kuhusu kamera anaweza kulijibu kwa usahihi. Yeye ndiye anayejua jicho lake lilikokwenda.

*Nafasi ya mwenye picha.* Ndogo. Kadi haijibizwi. Mtu akiandika "ungeikata zaidi", huwezi kumuuliza kutoka upande upi. Huenda pia hajui gharama ya ushauri wake: picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ukiikata nusu kila upande inabaki 3000 kwa 2000, na kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi hiyo inatosha karatasi ya sentimita 25 kwa 17 hivi. Katika mazungumzo hilo lingejulikana mara moja.

Kuna pia suala la jina. Kadi isiyo na jina huleta ukweli zaidi, lakini ndiyo inayobeba neno la kuchoma. Napendelea jina liandikwe kwa wanakikundi, wageni waachwe wachague. Na pawepo mtu wa kuzipitia kadi kabla hazijakabidhiwa, aondoe zile zinazomsema mtu badala ya picha.

*Muda.* Dakika mbili za kila mwandishi, wakati wowote maonyesho yakiwa wazi. Njia hii haihitaji watu kukutana.

*Kinachobaki.* Karatasi yenyewe, na kwa hilo kadi zinazipita njia nyingine zote.

*Inamfaa nani.* Wenye haya, wakosoaji na wakosolewa kwa pamoja. Pia kikundi ambacho wanachama hawawezi kufika siku moja.

Mazungumzo ya wawili

Mtu na mwenzake, mbele ya picha au mezani, ukumbi ukiwa mtupu.

*Masikio.* Wawili tu. Kwa hiyo yanaweza kusemwa mambo yasiyosemeka kwingine: kwamba picha tatu zote zinarudia wazo moja, kwamba mhusika anaonekana hakupenda kupigwa, kwamba rangi zimekolezwa hadi ngozi ya mtu imekuwa ya chungwa.

*Undani.* Unaweza kuwa mkubwa kuliko kwingine kote, kwa sababu mnaweza kurudi kwenye chanzo. Fungueni picha kumi zilizopigwa kabla na baada ya ile iliyotundikwa. Hapo mara nyingi ndipo penye somo: mpiga picha alipata fremu nzuri zaidi sekunde tatu baadaye, asiitambue. Hilo si kosa la kupiga, ni la kuchagua, na hakuna mtazamaji wa ukutani anayeweza kuliona. Mnaweza pia kuangalia kamera ilirekodi nini, yaani kasi ya shata, upenyo wa lenzi na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), badala ya kukisia.

Udhaifu ni kwamba unapata jicho moja. Kama mwenzako anachukia picha za rangi nyeusi na nyeupe, utatoka hapo ukiamini dunia nzima inazichukia.

*Nafasi ya mwenye picha.* Kubwa, mradi mkubwa asimfunike mdogo. Kijana akikaa na mzee wa kikundi, heshima inaweza kumfanya aitikie kila kitu. Mzee aanze kwa kuuliza, "Wewe mwenyewe, ukiitazama sasa, ungebadilisha nini?" kisha anyamaze hata kimya kikirefuka. Nimeona wanaoanza wakitaja wenyewe makosa yote ambayo mkosoaji alikuwa amejiandaa kuyataja. Ikitokea hivyo, kinachobaki ni kuwasaidia namna ya kurekebisha.

*Muda.* Nusu saa kwa kila jozi ni kiasi kizuri, na jozi sita zinaweza kukaa kwa wakati mmoja. Kwa msimamizi anayetaka kukaa na kila mtu mwenyewe, ni siku nzima.

*Kinachobaki.* Uhusiano. Mtu aliyekaa nawe nusu saa anaweza kukutumia picha yake inayofuata kabla haijachapishwa.

*Inamfaa nani.* Anayeanza kabisa, aliyekwama, na aliyeleta picha inayogusa maisha yake ya ndani.

Alama za majaji

Utamaduni huu una mizizi mirefu katika vilabu vya kamera. Uingereza, vilabu vingi hutoa alama kati ya 20.

*Masikio.* Alama husomwa mbele ya wote, labda mkubaliane vinginevyo. *Undani.* Namba pekee haina undani wowote. 15 haikuambii kama tatizo ni mwanga au wazo. Ikifuatana na sentensi mbili za jaji, inaanza kuwa na maana. *Nafasi ya mwenye picha.* Hana. *Muda.* Njia ya haraka kuliko zote, hata kwa picha mia. *Kinachobaki.* Namba, na hamu ya kuipita mwaka ujao.

Siidharau njia hii. Kuna watu wanaoamshwa na ushindani, na alama zikitolewa na majaji watatu wasiojua picha ni ya nani, huondoa upendeleo unaojificha ndani ya vikao vya marafiki. Pia humwandaa mtu kwa mashindano ya nje, ambako hakuna atakayemuuliza alikusudia nini. Hofu yangu ni kwa anayeonyesha mara ya kwanza. Yeye hana alama ya zamani ya kulinganisha, kwa hiyo namba ndogo anaisikia kama hukumu juu yake mwenyewe.

*Inamfaa nani.* Wazoefu waliokubali mchezo huo wenyewe.

Kwa hali yako

Kama picha bado hazijachapishwa, mazungumzo ya wawili yatangulie mengine yote. Huu ndio wakati pekee ambao upeo ulioinama unanyooka bure na picha ya tatu inaweza kubadilishwa. Vikundi vingi huacha maoni hadi baada ya ufunguzi, na kwa maoni yangu hapo ndipo vinapopoteza zaidi.

Kama kikundi ni kipya na watu hawajafahamiana, anzeni na kadi zenye maswali matatu. Kwenye maonyesho ya pili, kila mtu achague kadi moja aliyoipokea na aisome kwa wenzake akitaka. Kikao kitazaliwa chenyewe kutokana na hapo.

Kama mmezoeana kiasi cha kila mtu kujua mwenzake atasema nini, kikao chenye hatua za Feldman kitawarudisha kwenye kutazama. Kama tatizo ni kujitetea na kukwaruzana, chukueni za Lerman, na msimamizi awe mtu asiye na picha ukutani.

Kama waliopo ni zaidi ya ishirini, msijaribu kikao kimoja. Gawanyikeni makundi ya watu watano, kila mtu na picha yake moja, au tumieni kadi.

Kama umri umechanganyika, vijana na watu wazima pamoja, mdogo azungumze kwanza. Mkubwa akitangulia, hakuna atakayempinga.

Kama kuna anayejiandaa kwa mashindano, apewe alama pamoja na sentensi za majaji, lakini apewe yeye aliyeomba. Wengine wasiingizwe kwenye orodha bila kuulizwa.

Kama picha inahusu msiba, ugonjwa, au mtu aliyeondoka, isijadiliwe kikaoni kabla mwenyewe hajasema kama anataka maoni juu ya picha au anataka tu ionekane. Hayo ni maombi mawili tofauti. Kwa la pili, kaa naye mbele ya picha mkiwa wawili, umwachie yeye aanze.

Na kama yupo aliyesema hataki maoni yoyote safari hii, muulize angependa picha yake itundikwe wapi na taa iimulike vipi, kisha mwitundike pamoja.